Unga wa Kunyunyizia

Biskuti zilikuwa zimefungwa kwenye kitambaa cha kichwa na kusukumwa chini ya godoro, upande wa ukutani, mahali ambapo mkono wa mtu asiyetafuta haufiki. Mama Kidege alikuwa anatafuta. Alikuwa ameshapekua kapu la nguo la mama mkwe wake, amekunjua kanga zake moja moja, amenusa hata mkebe wake wa ugoro. Alipokifungua kile kitambaa hakupiga kelele. Alikiweka katikati ya meza, akaketi kumngoja mumewe. Chakula hakupika.

Baba Kidege alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate. Tangu binti yao agunduliwe kuwa na ugonjwa, alikuwa anaogea kazini na kubadili nguo kule kule kabla ya kurudi. Siku hiyo aliingia na nywele zenye majimaji, akaziona biskuti, kisha akamwona mkewe.

"Hizi ni nini?"

"Niulize mimi? Muulize aliyekuzaa."

Bibi alikuwa uani anamchania Kidege nywele, zile chache zilizobaki. Aliitwa akaja, mtoto akimfuata nyuma. Kidege alikuwa na miaka minane, lakini mgeni angemkadiria mitano. Miguu kama vijiti vya kuwashia moto, tumbo mbele yake limewambwa kama ngoma.

"Ni zangu," bibi alisema. "Nazila mimi."

"Unazila wewe, mama, chini ya godoro?" Mama Kidege aliuliza.

"Nitazilia wapi sasa? Mmesema ngano isionekane humu ndani. Meno sina, viazi vyenu vinanishinda. Mtoto akitoka kucheza nachovya moja kwenye chai, nakula, napangusa mdomo. Sitaki aione aililie."

"Na yeye anayeharisha kila siku, kaitoa wapi?"

"Mimi sijui."

"Hujui! Nani anashinda naye humu? Mimi niko kwenye mabeseni nafua shuka za watu. Baba yake yuko kwenye tanuri. Nani anabaki naye, mama?"

"Bibi hajanipa kitu," Kidege alisema.

"Wewe nyamaza. Wakubwa wanaongea."

Mama Kidege hakuwa mwanamke mbaya. Juzi yake tu alikuwa amesimamishwa kliniki mbele ya akina mama wenzake, mtoto yuko kwenye mizani, muuguzi anauliza kwa sauti ya kusikika hadi barazani: "Huyu mnamlisha nini nyumbani?" Kila kichwa kiligeuka. Aliondoka pale amemfunika mtoto kanga kama aliyemuiba. Tangu hapo alikuwa na jambo moja tu kichwani: kuna mkono humu ndani, na atauona.

Alimgeukia mumewe. "Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuambia, ukaniona mwendawazimu."

Baba Kidege alisimama kati ya wanawake wawili kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Mama yake alikuwa anamtazama yeye, hamtazami mkwe. Alikuwa anangoja neno moja tu, na lolote la heri lingetosha.

"Mama," alisema, "kama ulimpa, sema tu. Hakuna atakayekugombeza."

"Kama?" bibi alisema.

Akasogea mezani, akafunga kile kitambaa taratibu, biskuti zikiwa ndani yake, akaenda chumbani kukusanya vitu vyake.

*

Ugonjwa wenyewe daktari alikuwa ameueleza kwa maneno mepesi. Utumbo wa mtoto huyu unaikataa ngano. Akila, ngano inaukwangua utumbo kwa ndani, na kila chakula kizuri kinachofuata kinapita bure. Sindano hakuna, vidonge vya kuuponya hakuna. "Dawa yake ni chakula," daktari alisema. "Mkikosea chakula, mmekosea dawa. Na nikisema ngano isiingie, nina maana hata punje."

Kwa familia nyingine hilo lingekuwa jambo la kubadili sahani. Hapa lilikuwa jambo la kubadili maisha. Mikate iliyoungua au kupasuka kiwandani waokaji walikuwa wanagawana bure, na nyumba hii ilikuwa imeishi kwa mikate hiyo miaka yote: asubuhi, na jioni nyingi pia. Sasa mkate haukuvuka tena kizingiti. Walinunua viazi, muhogo, mchele, mayai. Mama Kidege akaongeza nyumba ya pili ya kufulia. Waliitupa miiko yote ya zamani ya kupikia, iliyokwisha kugusa ngano. Na Kidege akaanza kupona kweli, mashavu yakarudi, akawa anagombana na watoto wa jirani, dalili nzuri kuliko zote.

Hapo ndipo baba yake alipomwokea mkate.

Ilikuwa zawadi. Siku ile mizani ilipopanda, alimuuliza, "Nikuletee nini?" Mtoto akafikiri, akasema kwa aibu kana kwamba anaomba dhahabu: "Mkate. Lakini ule nisioruhusiwa. Basi niletee kitu kingine."

Baba hakulala vizuri siku hiyo. Mwokaji mzima, mikono iliyolisha mtaa, na mwanawe mwenyewe anaogopa kutaja mkate! Alinunua unga wa muhogo uliotwangwa na mama mmoja asiyegusa ngano. Alinunua bakuli jipya na mwiko mpya, akavifunga kwenye mfuko na kuvificha kabatini kazini wasivitumie wengine. Aliponda ndizi mbivu, akapiga mayai, akakoroga pembeni kabisa, mbali na meza ya kukandia. Wenzake walimcheka.

"Mtazameni, anapika dawa ya mapenzi!"

"Mwacheni, huyo ana mteja mmoja tu duniani, na hamlipi."

"Ananilipa," alisema Baba Kidege. "Nyinyi hamjui tu."

Mkate ulitoka wa rangi ya kahawia, umejaa, umepasuka kidogo juu. Kidege aliushika kwa mikono miwili, akaunusa, akauchekea kama mtu anayecheka na rafiki. Baba yake aliketi sakafuni akimwangalia anavyokula mpaka kipande cha mwisho. Tangu siku hiyo kila mwisho wa wiki ulikuwa na mkate wake, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa hata kuuonja. "Mkate wangu," Kidege alikuwa anasema, na mama yake alikuwa anacheka.

Mtoto alipoanza kurudi nyuma, hakuna aliyeutazama mkate. Walitazama sufuria, walitazama jirani, mwisho wakamtazama bibi. Naye baba, kwa kuona mwanawe anakonda, akaanza kuoka mara mbili kwa wiki ili apate nguvu.

*

Shangazi yake Kidege ndiye aliyekuja kumchukua bibi. Alikuwa mwanamke wa maneno, muuza mitumba, na hakukubali hata kuketi.

"Kaka, hongera. Mama yetu umempekua godoro."

"Si mimi niliyempekua."

"Hukumpekua, ulishikilia taa." Akanyanyua kapu. "Mama, twende. Kwangu kuna panya na kelele, lakini ukila hakuna anayehesabu vidole vyako."

Bibi alimwinamia Kidege, akamfunga kifungo cha gauni kilichokuwa kimefunguka, akakipigapiga kama anakiambia kisifunguke tena. "Kula vizuri, mjukuu wangu. Umsikilize mama yako."

"Utarudi lini?"

"Wakinihitaji."

Mama Kidege alikuwa jikoni, mgongo umegeukia mlango. Hakutoka. Baadaye alimwambia mumewe kwamba alikuwa anaogopa, angetoka angemwangukia yule mama miguuni, halafu mtoto angeendelea kufa. Alitumia neno hilo, kufa. Lilikuwa halijawahi kutamkwa ndani ya nyumba hiyo.

Wakamlipa msichana wa jirani ashinde na Kidege. Wakamwapisha. Mama Kidege akawa anapika chakula cha siku nzima alfajiri, anakifungia kabatini, ufunguo anaukabidhi kwa msichana kama anakabidhi benki. Bibi hayupo, biskuti hazipo, chakula kiko chini ya kufuli. Mtoto alizidi kukonda.

"Labda alikuwa amemharibu tayari," Mama Kidege alisema. "Labda inachukua muda kutoka."

"Labda," mumewe alijibu.

Jumamosi ile alileta mkate mkubwa kuliko kawaida. Kidege aliutazama kwa muda mrefu kabla ya kuukata.

"Hutaki?"

"Nataka, baba."

Akala. Baba akatabasamu.

*

Walimlaza wodini baada ya kuanguka uani na kushindwa kunyanyuka. Maji yalikuwa yamemwisha mwilini na kifua kimeshikwa. Mama yake alihamia pale na kanga mbili na chupa ya maji. Kwenye ile nyumba ya pili ya kufulia wakamwambia asirudi, wamepata mwingine. Aliipokea habari hiyo akiwa anapangusa mdomo wa mtoto, na hakuacha kupangusa.

Mtaalamu wa lishe alikuwa dada mpole, mwenye sauti ya chini. Alivuta kiti, akaanza upya kabisa. Anakula nini asubuhi? Kwenye chombo gani? Chumvi inakaa wapi? Mama Kidege alijibu kwa ufasaha kama mwanafunzi aliyekariri.

"Tulimpata aliyekuwa anamlisha," aliongeza. "Bibi yake. Tulimwondoa."

"Mlimwona akimlisha?"

"Tulikuta biskuti."

"Ameondoka lini?"

Alipoambiwa, dada yule alikunja uso kidogo. "Basi mtoto alipaswa kuwa na nafuu kwa sasa. Kuna kitu bado kinaingia."

Hapo Baba Kidege akatokea mlangoni, amebeba kifurushi. Alikuwa ametoka moja kwa moja kazini siku hiyo, lakini alikuwa amejiosha hadi viwiko, na shati lilikuwa safi. Alisalimia, akaweka kifurushi juu ya kabati la kitanda, akakifungua kwa majivuno ya mtu mwenye kitu kimoja tu cha kuonyesha.

"Nimesikia mnaongea chakula. Huu ndio anaoupenda. Nauoka mwenyewe. Hauna ngano hata chembe: muhogo mtupu, ndizi na mayai. Bakuli lake, mwiko wake. Hata wenzangu hawavigusi."

"Mzuri," dada wa lishe alisema, naye alisema kweli. "Unaoka nyumbani?"

"Nyumbani hatuna tanuri. Kiwandani. Nina kopo langu la kuokea pale, dogo."

Akautoa ule mkate na kuupindua ili amwonyeshe jinsi ulivyoiva chini. Chini palikuwa pa kahawia, na juu ya ukahawia ule palikuwa na weupe mwembamba, kama vumbi la chaki.

"Hii nyeupe ni nini?"

"Hiyo? Si kitu. Ni unga wa kunyunyizia tu. Unapaka kopo mafuta, unanyunyizia, mkate usigande."

"Unga gani?"

Alifungua mdomo kujibu. Miaka ishirini na kadhaa alikuwa amenyunyizia makopo. Mwokaji haulizi ni unga gani, kama vile mtu haulizi ni maji gani ya kunawa mikono. Uko kwenye ndoo kando ya tanuri, mkono unazama wenyewe, unachota, unarusha, unageuza kopo, unagonga, mtu huku anaongea na mwenzake habari za mpira. Haumo kwenye vipimo. Hakuna mwokaji aliyewahi kuuhesabu kuwa ni unga.

Dada wa lishe alikuwa bado anamngoja.

"Wa ngano," alisema.

Mama Kidege alisimama. Akaketi tena. Aliunyoosha mkono wake akauchukua ule mkate kutoka mikononi mwa mumewe, akaufunga vizuri kwenye karatasi yake, kona kwa kona, akaushika mapajani. Hakujua autupe wapi.

"Hukukusudia," dada wa lishe alisema. "Wazazi wengi—"

"Tumemfukuza mama yake," Mama Kidege alisema. Alikuwa anaongea na karatasi. "Nimemnusa mpaka ugoro."

*

Baba Kidege alibaki na mtoto jioni hiyo, mkewe alipoenda kuoga. Kidege alikuwa macho.

"Baba, mkate wangu wameutupa?"

"Wameutupa. Ulikuwa unakuumiza, mama. Mimi sikujua."

"Mimi nilijua."

Baba alidhani hakusikia vizuri. "Ulijua nini?"

"Nikiula tumbo linaniuma. Usiku."

"Sasa mbona hukusema, mwanangu? Mbona hukuniambia?"

Mtoto alimtazama kama mtu anayeulizwa swali lenye jibu mbele ya macho yake.

"Ulikuwa unacheka," alisema.

Baba alishika ukingo wa kitanda. Pembeni mama mmoja alikuwa anamwimbia mwanawe, na alitamani aendelee kuimba, asinyamaze, kwa sababu akinyamaza wodi nzima ingesikia sauti iliyokuwa inamtoka.

*

Mtoto alipoanza kurejewa na uhai, Baba Kidege alikwenda kwa dada yake. Bibi alikuwa ameketi juu ya robota la nguo kuukuu, anatenga zenye vifungo na zisizo na vifungo. Alimkaribisha. Aliuliza habari za mjukuu kabla ya jambo lolote, na aliposikia anakula, alifumba macho akashukuru.

Ndipo akamwambia. Alimwambia yote, kopo, ndoo, mkono unaozama wenyewe. Dada yake, ambaye siku ile hakukubali hata kuketi, aliketi.

"Nisamehe, mama. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha."

"Nimekusamehe," bibi alisema. Akaendelea kutenga nguo. "Wewe mwanangu. Nisipokusamehe nitakupeleka wapi?"

"Basi rudi nyumbani. Mkwe wako ameshindwa kuja kwa aibu. Anasema atakuona kwa uso gani."

"Mwambie asijitese. Angekuwa mwanangu ndiye anayekufa, hata mimi ningepekua." Alinyanyua kigauni cha mtoto, akakigeuza, akakiweka upande usio na vifungo. "Yeye hanijui, kanikuta mtu mzima. Wewe nilikuzaa. Nilikutazama wewe, ukasema 'kama'."

Aliokota kifungo kimoja sakafuni, akamwekea mama yake kiganjani.

"Nitakuja kumwona mjukuu wangu. Kulala, hapana."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu huo ugonjwa hauishi. Si ndivyo walivyosema? Ni mpaka uzeeni. Basi iko siku tumbo litamuuma tena. Watoto huumwa tumbo. Na siku hiyo macho yenu yatakuja kwangu kwanza kabla hamjayazuia. Sitaki kuyaona mara ya pili."

Angeapa kuwa haitatokea. Alijaribu. Lakini mama yake alikuwa anamtazama vile vile alivyomtazama siku ile mezani, na akaona ni afadhali anyamaze kuliko kumwongopea.

*

Kidege alirudi nyumbani, akaanza kunenepa polepole. Baba yake hakumwokea kitu tena. Bakuli na mwiko vilibaki kabatini kiwandani, na wenzake, waliokuwa wanamtania, sasa walikuwa wanalipita mbali kabati lile kama kuna maiti ndani yake.

Bibi alikuwa anakuja Jumapili. Anaketi barazani, anamsuka mjukuu, anamsimulia hadithi, wanacheka. Chakula cha nyumba ile hakigusi, anasema ameshiba. Maji anakunywa. Kabla ya kuingia barazani husimama kizingitini, anafungua kanga ya juu, anaikung'uta mbele ya mkwewe, kisha anapindua kimkoba chake, ugoro na leso vinaanguka kiganjani.

"Angalia, Mama Kidege."

"Mama, jamani. Basi. Nakuomba."

"Angalia tu, mwanangu. Ili mlale."

Hakuna hasira ndani yake. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu. Mama Kidege huangalia, kwa sababu asipoangalia bibi haingii, halafu hukimbilia jikoni na kufungulia maji kwa nguvu.

Jumapili moja kiwandani maji yalikatika. Baba Kidege alirudi bila kuoga, amekusudia kuogea uani kabla ya kumgusa mtu. Alimkuta mama yake barazani, Kidege katikati ya magoti yake, nywele zimesukwa nusu. Zilikuwa zimeota tena, nyeusi, za kushikika. Alisimama mbali, nje ya kivuli cha paa.

Kidege alimwona akaruka juu kwa furaha. Kwake lile la kukung'uta lilikuwa mchezo, kama hodi.

"Baba! Na wewe kung'uta! Kung'uta kama bibi, ndiyo uingie!"

Mama Kidege alikuwa ametokea mlangoni na beseni. Baba Kidege alivua shati lake pale juani, akalishika mabegani, akalikung'uta mara moja.

Unga ulitoka. Ulipanda juu mweupe, ukaelea kwenye mwanga wa jua, hauna haraka ya kutua, na Kidege akapiga makofi.

Bibi alikuwa ameshageuza uso, anatafuta chanuo ambacho alikuwa amekishika mkononi.